Kuhamia paneli ya vitofali: kuandaa sampuli ya analaiza bila msitu wa mirija

Fungua kasha lolote la zamani la analaiza (kifaa kinachopima kilichomo ndani ya gesi au kimiminika) katika viwanda vya Changamwe au Shimanzi, Mombasa, utakuta picha ileile: vali hapa, filta pale, rotamita (kipima mtiririko cha kuelea) imening'inia kwenye mrija wa robo inchi uliokunjwa mara tatu ili ufike unakotakiwa, na fitingi ishirini na kitu zinazosubiri zamu ya kuvuja. Kikiharibika kitu kimoja, fundi hufungua fitingi tano nzima ili afikie ile mbovu. Akimaliza, zile tano nzima nazo zimeshaingia kwenye orodha ya washukiwa.

Mfumo wa moduli unaondoa sehemu kubwa ya mirija hiyo. Kila kifaa, yaani vali, filta, reguleta (kishusha shinikizo) au geji, hutengenezwa juu ya tako la mraba lenye upande wa inchi 1.5, takriban milimita 38, na matundu ya kupitisha sampuli yako chini. Tako hilo hukaa juu ya kipande kingine chenye njia zilizotobolewa ndani, likabanwa kwa bolti nne za M5, na oringi ndogo, pete ya mpira, ikaziba kila tundu. Hapa tutakiita kifaa cha juu kitofali, na kile cha chini kinachobeba njia tutakiita kitako. Wazo lilitoka kwenye paneli za gesi za viwanda vya chipu za kompyuta. Watu wa kemikali wakalichukua chini ya jina NeSSI, kazi iliyoratibiwa na kituo cha CPAC cha Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Vipimo vya pale kitofali kinapokutana na kitako vimewekwa na kiwango cha ANSI/ISA-76.00.02 cha 2002, kisha IEC 62339-1 cha 2006.

Zingatia mpaka wa kiwango hicho. Kinahusu uso ambapo kitofali hukutana na kitako, basi. Vitako vyenyewe vinavyoungana chini, kila mtengenezaji ana namna yake. Vali ya kampuni moja unaweza kuiketisha kwenye kitako cha nyingine, lakini vitako vya kampuni mbili usitarajie vishikane. Chagua familia moja ya vitako kwa kiwanda kizima, la sivyo stoo yako itajaa vipuri visivyojuana.

Mkondo wa kuanza nao

Usianze na mkondo unaokusumbua zaidi. Anza na ule unaoufahamu: gesi safi au kimiminika chepesi kisicho na chembe, kinachohitaji lita moja au mbili kwa dakika. Haidrojeni ya kugandishia mafuta ya kula, naitrojeni, hewa ya vyombo vya kudhibiti mitambo, maji ya boila yaliyokwisha kupozwa, vyote vinafaa. Maji machafu yenye nyuzi na mchanga hayafai, wala sabuni ya moto, wala mafuta ya mawese ghafi ambayo huanza kuganda yakishuka chini ya digrii 35 hivi. Njia za ndani ya vitako ni milimita chache tu. Huko ndani huwezi kupitisha waya wa kuzibulia.

Mfano wetu katika maelezo haya ni mmoja: haidrojeni yenye unyevu, bar 7 juu ya hewa (yaani bar 8 kamili), nyuzijoto 30, na analaiza ya usafi wa gesi iliyoko mita 40 kutoka pale sampuli inapochukuliwa.

Kabla ya kugusa katalogi yoyote, andika kwenye karatasi moja: mchanganyiko wa mkondo, shinikizo la chini kabisa, la kawaida na la juu kabisa, joto vivyo hivyo, kiwango cha umande (joto ambalo mvuke huanza kugeuka maji), vumbi, na kile kinachotokea mitambo inapowashwa au ikivurugika. Safu ya mwisho ndiyo watu huiacha tupu, na ndiyo inayoua paneli. Gesi iliyo kavu wakati wa kazi ya kawaida inaweza kuleta maji nusu kikombe asubuhi ya kuwasha mitambo baada ya shatidauni.

Kagua pia mahali pa kuchukulia sampuli. Bomba la sampuli likitoka chini ya bomba kuu, linakuletea takataka na maji. Likitoka juu au ubavuni, kwa kijiti kinachoingia hadi theluthi ya katikati ya bomba, linaleta gesi halisi. Kosa la hapa vitofali havilitibu. Tena afadhali paneli ya zamani kwenye mahali pazuri kuliko paneli mpya ya bei kwenye mahali pabaya.

Hesabu ya ucheleweshaji

Analaiza inayoonyesha hali ya dakika tano zilizopita haimsaidii opereta. Hesabu yenyewe ni rahisi, na inabadilisha oda nzima.

Mrija wa robo inchi wenye unene wa ukuta wa inchi 0.035 una uwazi wa milimita 4.6 hivi, na hubeba mililita 16.4 kwa kila mita. Mita 40 ni mililita 656. Lakini gesi iliyobanwa kwa bar 8 ni nyingi mara nane: kama lita 5.2 zikipimwa kwa shinikizo la hewa ya kawaida. Ukivuta lita 2 kwa dakika (nusu lita kwa analaiza, moja na nusu ikipita pembeni bila kuingia kwenye analaiza, ili tu mkondo uende haraka), sampuli itasafiri dakika 2.6.

Sasa hamisha reguleta kutoka kwenye kasha uipeleke kwenye bomba kuu, ishushe gesi hadi bar 1.5 kamili palepale. Mrija ni uleule, mililita 656, ila sasa una gesi ya lita 1 tu. Safari inakuwa sekunde 30. Hujanunua paneli yoyote bado.

Ndani ya kasha la zamani ndiko kuna mwizi mwingine wa muda. Tuseme baada ya njia ya pembeni kuna filta yenye gamba la mililita 100. Gesi mpya ikiingia humo haisukumi ya zamani nje kama pistoni, inachanganyika nayo. Ukibadilisha ujazo mara moja, mabaki bado ni zaidi ya theluthi. Mara tatu, yanabaki asilimia 5. Mara tano, chini ya asilimia 1. Gamba hilo kwa bar 1.5 lina mililita 150 za gesi, na kwa nusu lita kwa dakika kila mzunguko unachukua sekunde 18. Mizunguko mitatu ni sekunde 54, karibu mara mbili ya safari ya mita 40. Filta ya kitofali ina ujazo wa mililita chache, na muda huo unashuka hadi sekunde chache vilevile. Hii ndiyo faida halisi ya mfumo huu, kubwa kuliko udogo wa kasha ambao wauzaji hupenda kuusifia.

Gharama yake ni kwamba filta ndogo huziba mapema. Basi weka filta kubwa ya kukamata uchafu mzito mahali ambapo mtiririko wote unapita kwa kasi, na kitofali cha filta ya mikroni 7 kibaki mlinzi wa mwisho.

Maji, na kiyoyozi kinachoyatengeneza

Mombasa hewa yenyewe ina kiwango cha umande cha nyuzi 23 hadi 25 kwa miezi mingi, na wakati wa masika hakuna nafuu. Miongozo mingi ya mifumo hii imeandikiwa nchi za baridi, ambako hofu ni sampuli kuganda nje. Kwetu hatari iko ndani: chumba cha analaiza chenye kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 20.

Fuata mkondo wetu. Haidrojeni imeshiba mvuke wa maji kwa nyuzi 30, ambapo shinikizo la mvuke ni milibar 42. Ikifika kwenye chumba cha nyuzi 22 bila kupunguzwa shinikizo, inaweza kubeba milibar 26 tu. Zaidi ya theluthi ya mvuke inageuka maji, na maji hayo yanaangukia kwenye vitako, kwenye mikunjo midogo isiyo na pa kutokea. Lakini ukishusha shinikizo nje, kutoka bar 8 hadi 1.5, mvuke nao unashuka kwa uwiano huohuo hadi milibar 8, na umande wake unakuwa karibu nyuzi 4. Gesi hiyo ipitishe chumba chochote, haitatoa tone. Reguleta ileile iliyokata muda wa safari ndiyo iliyokausha sampuli.

Tahadhari na gesi nyingine. Haidrojeni haipoi inaposhushwa shinikizo katika joto letu, lakini gesi asilia hupoa takriban nusu digrii kwa kila bar, na mivuke mizito kama ya LPG inaweza kurudi kimiminika ndani ya reguleta. Huko utahitaji reguleta yenye joto na mrija uliopashwa hadi mwisho. Ukiacha sentimita 10 bila kupashwa, tuseme kwenye tundu la kuingilia ukutani, umeharibu mita zote 40.

Kiyoyozi chenyewe kiweke nyuzi 25 au 26 kama analaiza inakubali, nyingi zinakubali. Chumba cha nyuzi 20 mlango ukifunguliwa kila mara, chuma chote kinatoka jasho, na ndani ya mwaka utaona kutu ya kahawia kwenye vichwa vya bolti na nyaya.

Kuchora, kisha kupanga

Chora mchoro wa mtiririko kwanza, kwa penseli, bila kufikiria vitofali. Halafu ndipo uuweke kwenye gridi. Kwa mkondo wetu, kituo cha nje kwenye bomba kuu kina vali ya kufunga, reguleta, geji, na vali ya usalama inayotoa juu ya paa. Paneli yenyewe inafuata kwa mpangilio huu:

1. Vali ya kufunga ya kuingilia.
2. Filta ya mikroni 7.
3. Geji ya shinikizo.
4. Tawi la pembeni: vali ya sindano, kipima mtiririko, na vali ya kuzuia kurudi nyuma (nafasi tatu).
5. Vali za kuchagua: sampuli, gesi ya sifuri (isiyo na kile kinachopimwa), gesi ya kipimo (yenye kiasi chake kinachojulikana) (nafasi tatu).
6. Vali ya sindano ya kwenda kwenye analaiza.
7. Kipima mtiririko.
8. Swichi ya mtiririko mdogo.

Jumla ni nafasi 12. Zikipangwa safu moja ni sentimita 46; zikipangwa safu mbili, paneli nzima inatoshea kwenye kurasa mbili za gazeti lililofunguliwa, na nafasi ya mkono inabaki.

Mpangilio huo una sababu. Tawi la pembeni liko kabla ya vali za kuchagua, kwa hiyo wakati wa kalibresheni mrija wa mita 40 unaendelea kutiririka. Ukirudi kwenye sampuli, sampuli iko mlangoni. Vali za kuchagua ziwe za kufunga mara mbili na kutoa katikati: kila mkondo una vizuizi viwili, na uwazi ulio kati yao umeunganishwa na hewa ya nje. Kizuizi kimoja kikivuja, gesi inatoka nje badala ya kuingia kwenye sampuli. Vali za kufunga mara moja ni rahisi zaidi, na ndizo zinazowafanya watu wakalibrishe kwa gesi ya kipimo iliyochanganyika na haidrojeni halafu washangae.

Mambo matatu ya kuangalia kwenye gridi. Kwanza, kisehemu chochote kisicho na mtiririko, hata cha geji, ni mfuko wa sampuli ya jana. Chagua vitofali ambavyo mkondo unapita chini ya kihisi chenyewe. Pili, vipima mtiririko vya kuelea lazima visimame wima. Tatu, mikondo miwili ikipishana, mmoja lazima uteremke kwenye vitako vya tabaka la chini. Hapo ndipo mafundi hupotea, maana njia hawaioni. Weka mchoro uliowekwa plastiki ndani ya mlango wa kasha, na uandike namba ya kila kitofali kwa kibati kilichochongwa. Kalamu ya wino haifiki Desemba kwenye hewa ya hapa.

Watengenezaji wakubwa wana programu ya kupangia ambayo hutoa orodha ya vipuri na michoro. Itumie, lakini mwombe mtu wa pili afuate kila njia kwa kidole kwenye mchoro uliochapishwa. Programu inajua vipande gani vinaingiliana. Haijui kwamba umegeuza vali ya kuzuia kurudi nyuma.

Oringi na chuma

Paneli ya nafasi 12 ina oringi nyingi, na zote zikiwa za aina isiyofaa, umejenga kitu kizima cha kuvuja. Aina hizi za mpira hutajwa kwa herufi. FKM ndiyo ya kawaida: inavumilia mafuta, haidrokaboni na joto la kutosha. Haipendi asetoni na jamii yake, haipendi amini (kemikali za jamii ya amonia), haipendi mvuke wa moto. EPDM ni kinyume: inafurahia maji na mvuke, inavimba kwenye mafuta. Mtego ni kwamba kiwanda kimoja kinaweza kuwa na vyote viwili. Haidrojeni na mafuta upande mmoja. Upande wa pili maji ya boila yaliyotiwa amini za kuzuia kutu. Oringi zote mbili zinaweza kuwa nyeusi, saizi moja. Usizitoe kwenye mifuko yake hadi dakika ya kuzitumia, na mifuko iandikwe kwa maandishi makubwa. Ipo pia FFKM inayovumilia karibu kila kitu, ila bei yake inakufanya uihesabu moja moja.

Kama unapima oksijeni kwa kiwango cha sehemu chache kwa milioni, kumbuka kwamba oksijeni hupenya mpira taratibu hata pasipo uvujaji, na hupenya mirija ya teflon pia. Kwa kazi hiyo uliza sili za chuma, au punguza idadi ya viungo.

Stenlesi ya 316 inatosha ndani. Nje ni habari nyingine. Chumvi inayoletwa na kusi hutua kwenye mirija, na adui wake mkubwa ni mahali palipobanwa: chini ya klampu ya plastiki, chini ya lebo ya gundi, chini ya kizio cha joto kilichoingia maji. Huko kloridi hujikusanya na kutoboa vishimo ambavyo huvioni hadi mrija uvuje. Mirija iliyopashwa zaidi ya nyuzi 60 chini ya kizio chenye chumvi inaweza hata kupasuka. Tumia klampu zinazoruhusu maji kutiririka, osha mirija ya nje kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kwa mara, na kasha liwe la fiberi au stenlesi, si bati lililopakwa rangi.

Kuagiza

Bandari ya Kilindini kuwa jirani hakukupi kipuri mapema. Vitu hivi vyote vinaagizwa, na kinachokwama mara nyingi ni kitu cha bei ndogo. Pamoja na paneli ya kwanza agiza: seti mbili kamili za oringi za kila aina, bolti za M5 za akiba za daraja lilelile, kitofali kimoja cha akiba kwa kila aina kilichopo, vipande vya ndani vya filta angalau sita, vitako viwili vya kati, na spana ya torki inayofika kipimo kidogo cha bolti za M5. Spana ya torki ya gereji, ya magurudumu ya lori, haina kazi hapa.

Kwa paneli ya kwanza, lipa ije imeshaunganishwa na kupimwa uvujaji kiwandani. Ya pili mtaiunganisha wenyewe kwa kuiga. Matoleo yenye vihisi vya kidijitali vya shinikizo, joto na mtiririko yapo na ni mazuri, ila kuanza nayo ni kujifunza vitu viwili kwa wakati mmoja.

Haidrojeni iko kundi la IIC katika viwango vya IEC 60079 vya vifaa vya umeme vya mahali penye gesi za kulipuka, kwa hiyo kila hita, swichi na kihisi kilicho ndani ya kasha kiwe na cheti cha kundi hilo. Cheti cha IIA kilichobaki stoo kutoka mradi wa gesi ya kupikia hakikubaliki, hata kama boksi linafanana.

Kufunga

Meza safi, glavu zisizo na unga, taa ya kutosha. Zima feni, feni inapeperusha vumbi kwenye njia. Kagua kila uso wa kuzibia kwa kuinamisha kitako mbele ya taa: mkwaruzo unaovuka duara la oringi, hata mdogo kama unywele, utavuja. Mkwaruzo unaozunguka pamoja na duara mara nyingi hauna neno.

Weka oringi kwa kidole au kijiti cha plastiki. Bisibisi marufuku. Ketisha kitofali wima, bila kukisukuma upande, maana ukikisukuma oringi inahama na kubanwa ukingoni. Kaza bolti nne kwa mkono hadi ziguse, kisha kwa mshazari, kwanza nusu ya torki aliyoandika mtengenezaji, halafu torki kamili, halafu zungukia mara moja tena. Bolti za stenlesi hung'ang'aniana. Tone la mafuta ya kuzuia kung'ang'ania kwenye uzi linasaidia, lakini lisifike kwenye njia ya sampuli, na kwa huduma ya oksijeni safi usitumie mafuta yoyote ambayo hayajaidhinishwa kwa oksijeni. Oringi iliyokwisha kubanwa ikifunguliwa, itupwe. Kuirudisha ni kutegemea kuti kavu.

Kupima uvujaji

Funga matokeo yote, jaza naitrojeni hadi bar 6 juu ya hewa ikiwa kitofali dhaifu kuliko vyote kinaruhusu, funga chanzo, subiri dakika 15 joto litulie, kisha soma geji ya kidijitali kwa dakika 10.

Hapa watu wengi hujidanganya. Kwa bar 7 kamili, digrii moja tu ya joto inabadilisha shinikizo kwa milibar 23. Wingu likipita juu ya kasha lililo juani, geji itashuka na utatafuta uvujaji usiokuwapo. Jua likirudi, litauficha ule uliopo. Pima alfajiri au ndani, na bandika kihisi cha joto kwenye kitako chenyewe.

Tuseme ujazo wa paneli ni mililita 50, na joto likiwa halijabadilika shinikizo limeshuka milibar 20 kwa dakika 10. Huo ni uvujaji wa mililita 0.1 kwa dakika. Kwa analaiza ya usafi hutauona kwenye usomaji. Lakini hewa ya kiasi hichohicho ikiingia kwenye sampuli ya nusu lita kwa dakika, ni oksijeni ya sehemu 42 kwa milioni, na analaiza ya oksijeni kidogo itapiga kelele mchana kutwa. Na ikiwa kasha limefungwa na ndani kuna haidrojeni, uvujaji wowote ni suala la usalama kabla ya kuwa la kipimo: haidrojeni huwaka kuanzia asilimia 4 hewani. Kasha lipate upepo wa juu na wa chini, au kihisi cha gesi.

Kutafuta mahali hasa panapovuja, tumia kimiminika cha kupimia uvujaji kisicho na kloridi. Povu la sabuni ya kufulia linaacha chumvi palepale ambapo hutaki chumvi.

Kuwasha na kulinganisha

Safisha kwa naitrojeni hadi oksijeni iishe kabla ya kuingiza haidrojeni, na pemiti ya kazi iandikwe hivyo. Halafu fanya jaribio ambalo wengi huliruka: ingiza gesi ya kipimo kule nje kwenye bomba kuu, mita 40 mbali, si kwenye mgongo wa analaiza pekee. Bonyeza saa. Usomaji ukifika asilimia 95 ya mabadiliko, simamisha. Hesabu yetu ilisema sekunde 30 za mrija na sekunde chache za paneli. Ukipata dakika mbili, kuna mfuko mahali. Ukipata muda mfupi mno, kipima mtiririko cha kuelea cha pembeni kinadanganya kwa sababu kilikalibrishwa kwa hewa nawe unapitisha haidrojeni. Rekebisha kipimo kwa gesi halisi. Kosa hili ni la kawaida mno.

Ingiza gesi ileile moja kwa moja kwenye analaiza na ulinganishe. Tofauti ikiwapo, inatoka kwenye paneli: uvujaji, kufyonzwa na mpira, au mchanganyiko wa vali.

Paneli ya zamani usiing'oe. Ziache zote mbili zifanye kazi sambamba wiki sita hivi, na ukiweza ziguse kipindi cha mvua, ili unyevu upate nafasi yake ya kuonyesha. Opereta waendelee kutumia ya zamani hadi karatasi za ulinganisho ziwekwe mezani kwao.

Vinavyoharibika baadaye

Mtiririko ukipungua polepole kwa wiki kadhaa, ni filta. Ukipungua ghafla baada ya mvua au shatidauni, ni maji. Usomaji ukitikisika kila saa ileile ya siku, angalia jua na kiyoyozi kabla ya kulaumu analaiza. Usomaji ukielea upande wa gesi ya kipimo hata mkondo ukiwa wa sampuli, vali ya kuchagua inavuja na tundu lake la katikati limezibwa, mara nyingi na nyigu aliyejenga tope kwenye mdomo wa bomba la kutolea. Weka wavu wa stenlesi kwenye kila tundu la nje.

Stima ndiyo inayobaki. Ikikatika, hita za kasha zinapoa, na sampuli yoyote inayohitaji joto inageuka maji ndani ya vitako. Ikirudi baada ya dakika 20 na vali ikafunguka yenyewe, maji hayo yanasukumwa moja kwa moja kwenye analaiza. Kwa mikondo ya aina hiyo, vali ya kuingia kwenye analaiza iwe ya kujifunga stima ikikosekana, na isifunguke hadi mambo mawili yatimie: kihisi cha kitako kifike joto lililowekwa, na tawi la pembeni liwe limetiririka kwa dakika kumi. Waya wa sharti hilo uuvute mwanzoni, paneli ikiwa bado mezani. Ikishaning'inia ukutani, kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima.